Pete ya Inchi, Shata ya Milimita

Jumapili, 13 Julai 2025

Ndugu yangu Rashidi kaingia leo na treni kutoka Dar. Begi moja, miwani ya jua, na ndani ya begi — jicho la kamera ya Baba! Nilishakata tamaa. Tangu Idi el-Fitri liko huko "kwa fundi". Baba alimkabidhi kwa sababu shata, kile kilango cha kupitisha mwanga, ilikuwa imekwama, ikifunguka haifungi. Kila nikimpigia simu: fundi amesafiri, fundi anaumwa, fundi kafiwa. Fundi gani huyo mwenye misiba mingi hivyo?

Haya, limekuja. Linang'aa. Nimebonyeza — kla! — likafunguka na kufunga safi kabisa. Nilitaka kulia.

Maana Mzee Eustace na Bi Gaudensia wa Urambo wanatimiza miaka hamsini ya ndoa tarehe 26. Siku ya ndoa yao Baba ndiye aliyewapiga picha, kwa kamera hii hii ya mbao. Bi Gaudensia alikuja mwenyewe mwezi wa tano, akanikuta kibandani kwangu hapa Isevya napiga picha za pasipoti. Hataki simu. Hataki kamera yangu ya dijitali. Akasema anataka ile ya baba yako, mwanangu, ya kujifunika kitambaa cheusi, na mzee mwenyewe akae pembeni hata kama siku hizi haoni. Nikamwambia inshallah.

Filamu ninazo. Za eksirei, boksi lililobaki kwenye zahanati moja walipohamia kwenye kompyuta. Nimezijaribu kwenye dawa, zinatoka vizuri. Kilichokosekana ni jicho tu.

Baba kafurahi mpaka kaomba kanzu mpya. Nyumba nzima Rashidi, Rashidi. Pilau nimepika mimi. Sawa.

Jioni nimejaribu kulifunga kwenye kamera. Halikuingia. Nimechoka. Kesho.


Jumatatu, 14 Julai 2025

Haliingii.

Kwenye kibao cha mbele ya kamera kuna pete ya shaba, imeshikwa na skrubu tangu sijazaliwa. Shingo ya shata ina thredi, meno ya kuzungushia. Unaizungusha ndani ya pete mpaka ikaze, basi. Baba alikuwa anafanya kwa mkono mmoja huku anaongea na watu. Leo: linashika, linazunguka kidogo, kisha linagoma. Nikirudisha nyuma linatoka bila tabu.

Rashidi kaja na kikombe chake cha chai, kasimama kuangalia. Kasema fundi amelisafisha sana, pete ndiyo chafu, lazimisha kidogo. Nikamwambia shaba hailazimishwi, meno yakishaliwa ndiyo basi. Kacheka. "Dada, wewe kila kitu unaogopa."

Kila kitu naogopa! Nani anamshika Baba mkono kwenda msikitini? Nani anamtia dawa ya macho asubuhi na jioni tangu presha ya macho imfungie dunia? Nilirudi nyumba hii na sanduku langu na talaka yangu, nikakuta mzee anapapasa kuta. Rashidi wakati huo alituma pole kwenye simu.

Nimeisugua pete kwa mswaki na mafuta ya taa. Sasa inang'aa kuliko jicho lenyewe. Haliingii.

Rashidi kaweka status. Picha ya jicho kwenye kiganja chake: "Mashine ya mzee imerudi kazini." Watu wanampongeza mpaka shangazi wa Kigoma. Mtoto mwema. Mungu akuzidishie.


Jumanne, 15 Julai 2025

Nimekwenda kwa Benjamini, yule mkereza vyuma wa karibu na stesheni. Nimebeba kibao na pete yake, na jicho nimelifunga kwenye kanga.

Nikamwambia nataka anifungulie meno kidogo, pete imechakaa. Hakushika tupa. Akafuta mikono, akavaa miwani, akasema tujue kwanza ni thredi gani. Akatoa kalipa akapima shingo ya shata, akapima tundu la pete. Karibu sawa kabisa. Nikafurahi. Akasema subiri kwanza, dada, upana peke yake hausemi kitu.

Akatoa geji. Kitu kama kisu cha kukunja chenye mabapa mengi membamba, kila bapa lina meno yake kama kitana. Akawa anaweka moja moja kwenye pete. Hili hapana. Hili hapana. Hili — likakaa kimya, likalala kwenye mitaro kama limezaliwa humo. Akanionyesha: inchi. Pete ya Baba ni ya vipimo vya inchi. Akachukua bapa hilo hilo akaliweka kwenye shingo ya shata. Linachezacheza. Akaliinua juu kwenye mwanga wa mlango, nikaona mwenyewe mwanga unapita kati ya meno. Akabadilisha upande mwingine wa geji, milimita. La pili tu likakaa.

"Ndiyo maana inakudanganya mwanzoni," akasema. "Jino la kwanza linapata, la pili linapata kwa shida. La tatu linakataa."

Nikamuuliza, kusafishwa sana hakuwezi kubadilisha? Akaniangalia juu ya miwani. Kusafisha kunatoa uchafu, akasema, hakuhamishi meno.

Nikang'ang'ania. Nilitaka anipe njia, sijui kwa nini. Labda fundi wa Dar kabadilisha shata peke yake, vioo ni vile vile vya Baba? Akafungua kioo cha mbele, kikatoka laini kama kifuniko cha chupa ya marashi. Akafungua cha nyuma. Akapima vyote na mashimo yake. Milimita, milimita. Vioo hivi na shata hii vimetoka pamoja, hakuna aliyevichanganya. Na pete hii, akasema, haijawahi kuonana na hiki kitu. Hata siku moja.

Akanirudishia kwa mikono miwili, taratibu, kama anayempa mtu taarifa ya msiba.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nilimkuta Rashidi anamsomea Baba habari za mpira kwenye simu. Wanacheka.


Jumatano, 16 Julai 2025

Sijasema. Nimemwangalia anavyokula. Anakula vizuri.


Alhamisi, 17 Julai 2025

Nimemwambia. Uani, nafua, Baba kalala. Nikamwambia Rashidi, hili jicho si la Baba. Akaanza na kelele: namwita mwizi, katoka Dar na nauli yake, hii ndiyo shukrani. Nikaendelea kukamua mashuka. Nikamweleza thredi. Inchi, milimita. Akasema mambo ya gereji hayajui, fundi ndiye anajua. Nikasema basi nipe namba ya fundi nimpigie sasa hivi, nina salio.

Namba hakutoa.

Kisha akakaa kwenye ngazi, akashusha sauti. Sauti ile ile aliyokuwa akiitumia tukiwa wadogo akivunja kitu.

"Lile la zamani limekwenda, dada. Kuna mtu anakusanya vitu vya kale, alilipenda. Nilikuwa nimebanwa. Nikatafuta la kufanana nalo, na hili linafanya kazi, lile lilikuwa limekufa!"

"Si lako."

"Baba haoni. Atajuaje? Wewe ndiye utakayemuumiza, si mimi."

Nilikuwa na shuka mkononi, maji yananichuruzika miguuni. Mtu anaiba, halafu anayesema ndiye mwenye roho mbaya! Akaongeza kwamba mimi siku zote nilitaka kumwonyesha Baba kuwa yeye hafai. Siku zote. Mimi ambaye Baba akiamka usingizini huita "Rashidi?" kwanza, na mimi naitika.


Ijumaa, 18 Julai 2025

Sitaki kuandika lakini nisipoandika nitapasuka.

Baada ya swala Baba kakaa barazani na kahawa yake. Rashidi pembeni. Nikalileta jicho nikamwekea mkononi. Nikasema Baba, linagoma kuingia kwenye pete, hebu lishike wewe uniambie. Sikusema zaidi. Rashidi kaniangalia kama anataka kunimeza.

Baba akaligeuza. Akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye thredi, polepole, mzunguko mzima. Akarudia. Mikono ile imelifunga na kulifungua jicho lake kwenye chumba cha giza miaka na miaka, harusi, madarasa, timu za mpira, masheikh, masista. Halafu kidole chake cha shahada kikapanda chenyewe juu, upande wa kulia, mahali kilipokuwa kile kiwiko cha kufyatulia. Hakuna kitu pale. Kwenye hili kiwiko kiko chini. Kidole kikabaki palepale, juu ya chuma kitupu. Kimetulia.

Nilikiona. Kwa macho yangu mawili nilikiona kidole kile.

Baba akasema: "Ni lenyewe."

Nikasema, Baba? Akasema tena, kwa sauti ya juu kidogo, kama ya mtu anayefunga mlango: "Ni lenyewe, Ummy. Pete ndiyo imechoka. Kachongeshe nyingine."

Rashidi akashusha pumzi. Niliisikia. Na Baba ana masikio makali kuliko mimi.


Jumamosi, 19 Julai 2025

Picha za pasipoti, nyingi. Watu wanakaa kwenye stuli, wanakaza uso, nafyatua, wanakwenda. Ni afadhali. Sijaongea na mtu nyumbani. Rashidi kaenda kutembelea rafiki zake Isikizya, karudi na asali, kampa Baba. Chupa nzima. Baba kawaita majirani waionje.


Jumapili, 20 Julai 2025

Nimemuuliza. Nilikuwa namtia dawa ya macho, kichwa chake kimelala kwenye goti langu, hawezi kwenda popote.

Nikasema: Baba, lile si lako.

Tone likamtiririka mpaka sikioni.

"Najua," akasema.

"Sasa kwa nini?"

Akasema jicho limeshakwenda. Halirudi. "Unataka na yeye aende? Nikimwambia umeniibia, hatakanyaga tena hapa. Namjua. Ataona haya, na haya yake atayageuza hasira, basi tena. Nilipokuwa naona nilikuwa naweza kumkumbuka kwa picha. Sasa nina sauti yake tu. Nataka aje nimsikie."

Nikamuuliza, Rashidi amekuja mara ngapi, Baba? Akasema hahesabu.

Nikasema: "Na mimi?"

Akaonekana kushangaa kweli. Akapapasa mpaka akanipata shavu.

"Wewe uko hapa," akasema.

Kana kwamba hilo ndilo jibu. Kana kwamba aliyeko haumizwi, haondoki, ni sawa na ukuta, unaegemewa tu. Nikamfuta uso, nikamwinua, nikaenda kuosha mikono. Nimeosha muda mrefu.


Jumatano, 23 Julai 2025

Bi Gaudensia kapiga simu. Wajukuu wameanza kufika, wengine wametoka Mwanza. Padri kakubali. Anauliza kama mzee wetu yuko tayari. Nikasikia sauti yake imejaa tele kama ya bibi harusi. Ningemwambiaje?

Nimerudi kwa Benjamini. Akereze pete mpya ya kufuata thredi ya shata hii, milimita. Hakuuliza kitu. Anajua, mtu wa chuma anajua. Alisema tu itachukua siku mbili, ana kazi ya mashine ya kukoboa mbele yangu, na shaba nzuri ataitafuta kwenye vyuma chakavu.

Ile ya zamani kaifungua skrubu zake. Zilikuwa zimeganda. Imeacha duara jeupe kwenye mbao, mbao mpya kabisa, haijaona mwanga tangu wakati wa yule mpiga picha wa Kigoa aliyemuuzia Baba kamera. Benjamini kaiweka pete juu ya meza, kauliza niitupe? Nikasema nipe.

Mtaani Rashidi anaeleza kwamba kilichosumbua ilikuwa pete. Pete imechakaa, lakini tunaitengeneza, hatumwangushi mzee. "Tunaitengeneza."


Ijumaa, 25 Julai 2025

Pete tayari. Jioni kabisa, jua limeshaingia nyuma ya stesheni. Shata ikaingia mara moja, jino kwa jino, mpaka mwisho, ikakaza. Kazi safi. Benjamini akazungusha akatoa, akazungusha tena, kwa raha yake mwenyewe. Mimi sikuona raha. Uongo umepata pete inayoutosha.

Sikuwahi kulijaribu kwenye kioo cha kuangalizia picha nyuma ya kamera, giza lilikuwa limeshaingia. Nimejaza filamu. Nimepanga kila kitu kwenye sanduku. Tunaondoka alfajiri. Rashidi kakodi gari, ataendesha mwenyewe. Baba kanyoa ndevu.


Jumamosi, 26 Julai 2025

Urambo. Naandika garini, nimefuata filamu. Wanamsubiri Mzee Eustace avae koti lake la harusi, limekosa kifungo, wanakishona. Nina dakika chache.

Njiani Baba aliongea sana. Kila tukipita njia hii husema hii ndiyo njia ya Ujiji, babu yake aliitembea na mzigo kichwani kabla ya reli, na leo yeye amekaa kwenye kiti! Rashidi akasema ndiyo, Baba, akaongeza sauti ya redio. Akapunguza baadaye. Sijui.

Tulipofika ibada imekwisha, watu wametapakaa uwanjani. Bi Gaudensia na gauni la buluu na viatu vipya vinavyombana. Akaja akapiga goti mbele ya Baba, akamwamkia mwangaluka, mwangaluka, akamshika mikono yote miwili. "Ulituambia tusicheke," akamwambia. "Nilicheka, ukanigombeza." Baba akasema anakumbuka. Pengine kweli anakumbuka. Wakamwekea kiti kizuri karibu na kamera, kama alivyoomba yule mama. Mzee akashika mguu mmoja wa stendi, akaupapasa, akatulia.

Nimesimamisha kamera. Nimejifunika kitambaa. Nimefungua jicho.

Ya Rabi.

Picha ni kali. Siwezi kudanganya, katikati ni kali ajabu, naona mpaka vifungo. Lakini pembeni hakuna kitu. Duara. Duara la mwanga katikati ya kioo, na nje ya duara giza tupu. Nimefungua, nimefunga, nimesogeza kibao juu na chini. Bure. Jicho hili lilitengenezewa kamera ndogo kuliko hii. Thredi ilikuwa inaniambia, mimi nikaenda kuinyamazisha kwa shaba.

Basi nikawapanga ndani ya duara. Wazee wawili kwenye viti, watoto wao nyuma, wajukuu chini kwenye mkeka. Sogeeni. Sogeeni tena. Karibianeni, hii ni familia. Wakacheka, wakabanana, wakaingia wote. Hakuna aliyejua kwa nini nawabana. Nikaangalia tena: wote wamo. Nikasema alhamdulillahi ndani ya kitambaa, peke yangu.

Nikatoka. Ndipo nikamsikia Rashidi anawaeleza vijana wa pale jinsi alivyohangaika na mashine ya mzee, Dar huku na huku, mafundi, mpaka ikafufuka. Bi Gaudensia akasikia. Akapiga makofi. Akasema haiwezekani, huyu kijana ndiye ametufanya leo tuwe na picha, lazima naye aingie! Rashidi akakataa, akakataa vizuri kama mtu anayetaka kuombwa tena. Wakamwomba tena. Akaenda. Nafasi imebaki mwisho wa mstari tu, upande wa kushoto, karibu na binti yao mkubwa. Amesimama hapo sasa hivi, namwona kwenye kioo cha gari. Kanyoosha shati. Kavua miwani.

Pale alipo ni nje ya duara. Nilikwenda kuhakikisha, nikajifunika tena. Yupo bega moja, tena ukitafuta sana. Lililobaki ni giza.

Nikirudisha stendi nyuma hatua chache ataingia. Watu watakuwa wadogo kidogo kwenye picha lakini wote watakuwemo, na yeye. Nyuma ni uwanja mtupu mpaka kwenye bani la kukaushia tumbaku. Hakuna kinachozuia. Ni kuinua na kurudi.

Mzee Eustace anatoka. Koti limembana, wanamshangilia. Anakwenda kukaa. Padri anawanyamazisha watoto.

Baba kageuza uso, ananitafuta upande usio wangu. Anaita kwa nguvu, sauti yake ya zamani, ya studio:

"Ummy! Wote wameingia?"

Na kabla sijashuka garini Rashidi kanijibia kutoka pale aliposimama, kwa furaha kabisa:

"Wote, Baba!"

Filamu ninazo mkononi. Stendi sijaigusa.